Pua ya Meza ya Kwanza

Katika ghala la vifaa chakavu la kampuni ya simu kulikuwa na mama mmoja aliyeitwa Bibi Pua, na jina hilo halikumkera hata siku moja. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa miaka hamsini na saba. Mgeni aliyesikia jina kabla ya kumwona alitegemea kukutana na pua ya kutisha, akakuta pua ya kawaida tu, tena ndogo. Jina alilipata kwa kazi yake.

Mtu akinunua simu mpya hajiulizi ile ya zamani inakwenda wapi. Ilikuwa inakwenda pale. Zilikuja simu zilizopasuka vioo, nyaya, vibao vya mitambo vilivyong'olewa minarani, na zaidi ya vyote vile visanduku vyeupe vya intaneti ambavyo wateja hukaa navyo sebuleni mpaka kampuni iseme vimepitwa na wakati, virudishwe. Malori yalileta mapipa ya plastiki ya buluu, wapakuzi wakayapanga ukutani, na kila pipa lilianzia meza ya kwanza, ambayo ilikuwa ya Bibi Pua. Meza ya pili ilikuwa ya kupasulia. Hapo vifaa vilifunguliwa, shaba ikaenda huku, plastiki kule, betri kwenye ndoo yake.

Betri ndizo zilizokuwa na matata. Betri ya kisanduku iko ndani, kwa nje huoni kitu. Ikiwa nzima, unafungua tu kama unavyofungua kopo la mafuta ya kujipaka. Ikiwa imeanza kuvuja, ukiitia chuma vibaya inalipuka moto usiojali maji. Bahati nzuri betri inayovuja hutoa harufu tamu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi, ila ni hafifu, na wengi huisikia wakiwa wameshachelewa. Bibi Pua alishusha barakoa, akasogeza kisanduku usoni upande wa matundu ya kupitishia hewa, akavuta pumzi moja, kisha akasema neno moja kati ya mawili. Akisema "Kizima," kilikwenda meza ya pili. Akisema "Mchangani," kilifukiwa kwenye pipa la mchanga nje uani, kusubiri gari la wataalamu. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja na hakukosea.

Watu walimtania sana. Walisema marehemu mumewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kuvuta sigara hata moja bila kusomewa mashtaka mlangoni. Walisema akisimama dirishani anajua nyumba ya tatu wamepika nini na wamekosana na nani. Yeye alicheka, akaongeza ya kwake. Mtu anayetaniwa kwa jambo analoliweza hana haja ya kununa.

Mwezi wa tatu akaugua homa ya siku tano. Homa ikapona, pua haikupona.

Aligundua bafuni, siku ya kwanza ya kurudi kazini. Alijipaka sabuni ile ile ya miaka yote, akashangaa mbona ni kama anajipaka chaki. Akainusa, hakusikia kitu. Akanusa mafuta ya taa, dawa ya kufulia, viatu vya mkwewe. Hakusikia kitu. Daktari wa zahanati alimmulika tochi puani, akamwambia inaweza kurudi na inaweza isirudi, asubiri. Naye akasubiri.

Kusema alihuzunika ni kutia chumvi. Huzuni ingekuwa afadhali, maana huzuni ni kitu. Yeye alikuwa hana kitu. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika, akamaliza sahani bila kujua alichokula. Mjukuu wake wa miezi minane alipolazwa kifuani pake, alikuwa uzito na joto basi, utosi wake hauna harufu tena. Alimbeba, akambembeleza, akamrudisha kwa mama yake, na ndani yake kote kulikuwa kimya. Binti yake alimwuliza mara moja, "Mama, wali umeungua wewe umekaa hapo hapo, hukusikia?" Akajibu ana mafua. Mafua hayo yalikuwa na wiki ya sita.

Mtu atauliza kwa nini hakusema kazini. Ni swali zuri, na wengi wanaoliuliza ni watu ambao hawajawahi kujulikana kwa kitu kimoja tu. Yeye alikuwa pua. Msimamizi wa ghala alikuwa ameandika mara mbili makao makuu kuomba mashine ya kunusa hewa ya betri, na mara zote mbili akajibiwa kwa mstari mmoja: mnaye mtu mzoefu. Barua ya pili aliibandika ukutani ofisini, nusu kwa hasira na nusu kwa fahari, na kila mgeni alionyeshwa. Huyo mtu mzoefu angeingiaje ofisini, asimame mbele ya barua ile, aseme amekwisha?

Halafu kulikuwa na mkwewe, mume wa binti yake, binti wa pekee. Bibi Pua ndiye aliyemwingiza pale, kwa neno lake mwenyewe mbele ya msimamizi, na mkwe huyo ndiye aliyekaa meza ya pili akipasua kila alichopitisha Bibi Pua. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwenye mikono mikubwa na adabu ya kukera. Nyumbani, ambako waliishi wote pamoja, hakukaa kwenye kiti kabla mama mkwe hajakaa. Kazini hakuwahi kumwuliza swali la pili. Mama akisema kizima, ni kizima.

Mwanzoni Bibi Pua alijitia hamnazo na mambo yakaenda. Betri za simu zilimpa nafuu, maana hizo unazitoa na kuzishika. Aliiweka betri juu ya kigae na kuizungusha kwa kidole, ikigoma ni bapa, ikizunguka kama pia basi tumbo limevimba. Aliigusa kwa mgongo wa mkono kupima joto. Visanduku vyeupe ndivyo vilivyomshinda, kwa kuwa havionyeshi kitu. Kwa hiyo alivisogeza usoni kama zamani, akavuta pumzi kama zamani, na chochote chenye ufa, au doa, au sura asiyoipenda, akakisema mchangani. Ilikuwa njia salama. Ilikuwa pia njia ya kujaza mapipa yote ya mchanga kwa wiki mbili.

"Bibi Pua!" msimamizi alikuja amejishika kiuno. "Siku hizi kila kitu mchangani, kila kitu mchangani. Gari la wataalamu linakuja mara moja kwa mwezi, mimi hivi nitaviweka wapi, kitandani kwangu?"

"Vinanuka," alisema.

"Au wewe ndiye umezeeka, unaogopa?"

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka, kwa sababu ndivyo alivyozoeleka. Kuanzia kesho yake akapunguza. Kila visanduku vinne, vitatu akavipitisha, akichagua kwa macho, yaani akibahatisha. Alijua anachokifanya. Usiku alilala vizuri, na hilo ndilo lililomshangaza kidogo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne na nusu asubuhi. Pipa lilitoka kwenye duka ambalo stoo yake ilikaa juani miezi mingi. Bibi Pua akachukua kisanduku, safi, hakina ufa wala doa. Akashusha barakoa, akavuta pumzi. Hewa iliingia, ikatoka.

"Kizima."

Mkwewe alikipokea. Alikishika kidogo, akakisogeza mbali na uso, kisha akainua macho na kumtazama mama mkwe wake. Bibi Pua aliliona jicho lile. Akadhani anataka kazi iende haraka, akamsukumia na cha pili. Basi mkwe akainamisha kichwa, akachukua bisibisi, akabana kwenye mshono wa kisanduku, akapindua.

Moto ulikuwa mweupe. Ulitoka kwa sauti kama ya sufuria inayofoka, na moshi ukajaa meza nzima. Mfagiaji, mama mfupi mwenye miguvu ya ajabu, alikuja na ndoo ya mchanga akaimwaga yote juu ya meza, juu ya kisanduku na juu ya mkono. Wapakuzi wakamvuta mkwe nje. Glavu ilikuwa imeyeyuka na kushikana na ngozi ya mkono wa kulia. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema, "Samahani, samahani," kama mtu aliyemkanyaga mwenzake. Bibi Pua alibaki amesimama meza ya kwanza na kisanduku cha tatu mkononi. Alijua anapaswa kukimbia, akakiweka kwanza kile kisanduku taratibu, kisha ndipo akatoka.

Hospitali walisema mkono utabaki, ila vidole viwili huenda visikunjike tena. Jicho halikuguswa, uso haukuguswa. Binti alilia mpaka sauti ikamkauka. Bibi Pua alikaa naye kwenye benchi, akamshika bega, macho yake makavu.

Siku ya nne akafika afisa wa usalama kutoka makao makuu, mwanamume nadhifu mwenye jalada na kalamu mbili. Alizunguka ghala, akapima meza kwa utepe, akapiga picha bisibisi. Kwa kanuni, visanduku vinafunguliwa kwa kabari ya plastiki. Kabari zilikuwa zimevunjika zote tangu mwaka jana na kila mtu alitumia bisibisi, lakini hilo kanuni haikuliandika. Kisha akaenda hospitali kuchukua maelezo ya majeruhi.

Binti ndiye aliyeleta habari jioni, amesimama mlangoni hata mkoba hajauweka chini.

"Amemwambia afisa kwamba alikichukua kisanduku pipani kwa mkono wake, wewe hujakinusa. Ameweka dole gumba la kushoto. Afisa anasema hiyo ni kuvunja utaratibu, tena na bisibisi juu yake. Watamfukuza, mama. Hata matibabu hawataendelea nayo."

Bibi Pua alikuwa anamkunjia mtoto nguo.

"Mama, nakuuliza. Ulikuwepo. Ni kweli alikichukua mwenyewe?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini anasema hivyo?"

Bibi Pua aliendelea kukunja. Alijua kwa nini. Mtu aliyekataa kukaa kabla yake hawezi kusimama mbele ya afisa akasema mama mkwe wangu alikosea. Pengine alifikiri mama amekosea mara moja katika miaka kumi na mmoja, bahati mbaya, haifai kumwaibisha. Hakujua kwamba haikuwa mara moja. Alikuwa amemfunika mtu ambaye kila siku, kwa miezi minne, alimpa visanduku kama mtu anayekata karata.

"Kesho nitakwenda kusema," alisema.

"Kusema nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, tangu sabuni ya bafuni, kwa sauti ile ile ambayo angemwambia sukari imekwisha. Binti alisikiliza. Alipomaliza, binti alimchukua mtoto kitandani, akaenda naye chumba kingine, akafunga mlango. Haikuwa kwa kishindo. Bibi Pua alisubiri moyo umuume. Ulikaa tu.

Asubuhi aliingia ofisini bila kubisha. Afisa alikuwa amekaa kiti cha msimamizi, na msimamizi amekaa kiti cha wageni, amesinyaa.

"Andika," Bibi Pua alimwambia afisa. "Kisanduku nilikinusa mimi. Nikasema kizima. Sikusikia kitu kwa sababu sina pua. Tangu mwezi wa tatu sisikii harufu yoyote."

Afisa aliweka kalamu chini, akatabasamu kwa huruma. "Mama, naelewa. Ni mkwe wako. Mtu yeyote angetaka kumsaidia."

"Simsaidii. Nakwambia kilichotokea."

"Miaka kumi na mmoja bila kosa, nimesoma hapa. Halafu ghafla huna pua, na wiki hii hii ambayo..."

"Mlete mfagiaji," alisema.

Mfagiaji akaletwa, ufagio mkononi.

"Jumanne," Bibi Pua alimwuliza, "kabla ya moto, ulisikia harufu?"

Mfagiaji alimtazama msimamizi, akamtazama afisa, akatazama sakafu. "Nilisikia."

"Ya nini?"

"Ile ile. Ya utamu utamu. Nilikuwa nafagia chini ya meza yako. Nikasema moyoni mbona kama ile harufu, lakini mara nikasikia umesema kizima." Akanyanyua mabega. "Basi. Mimi ni nani?"

Wakaitwa wapakuzi wawili. Wa kwanza akasema alisikia tangu wanateremsha pipa kwenye lori, akamwambia mwenzake, mwenzake akamjibu acha kujifanya Bibi Pua. Wa pili akakubali ndivyo alivyomjibu, ingawa naye aliisikia. Msimamizi mwenyewe, ambaye hakuna aliyemwuliza, akafuta jasho shingoni akasema alipita pale saa nne na robo na kuna kitu kilimjia puani, akadhani ni manukato ya mtu.

Afisa alikuwa haandiki tena. Ghala zima lilisikia, watu wazima wanne wenye pua zinazofanya kazi, na wote walimfuata mmoja aliyekuwa hana. Aligeuka akaisoma barua iliyobandikwa ukutani, ile ya mtu mzoefu, akaisoma mara ya pili. Kisha akachomoa karatasi yenye dole gumba, akaikata kwa mstari, akaanza upya.

Ilichukua siku mbili. Mkwe hakufukuzwa na matibabu yakaendelea. Makao makuu walituma neno kwamba mashine itanunuliwa. Bibi Pua aliondolewa meza ya kwanza, akapelekwa getini kubandika lebo kwenye mapipa yanayoingia. Hakuna aliyemtania tena. Walimwita mama, kwa heshima sana, wakampita haraka.

Mkwe alirudishwa nyumbani Jumamosi iliyofuata, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Bibi Pua alimkuta amesimama sebuleni, anamsubiri akae. Akakaa ili naye akae.

"Wamekwambia?" aliuliza.

"Wameniambia, mama."

"Kwa hiyo unajua sikukosea mara moja. Nilikuwa nakudanganya kila siku."

Mkwe alitazama bendeji yake. "Ulikuwa unaumwa."

"Usinifunike tena, baba. Nimekuja kukuuliza kitu. Ulinitazama. Kabla hujafungua, ulinitazama. Ulikuwa umesikia?"

Mkwe aliurekebisha mkono uliofungwa juu ya mapaja.

"Nilisikia," alisema. "Ilikuwa kali, hata kwa mbali. Lakini wewe ulishasema. Nikajiambia pua yangu ndiyo mbovu."

Alisema bila lawama. Kama angelaumu, Bibi Pua angejua la kufanya. Kitu kizito kikamjia kifuani, cha kwanza tangu mwezi wa tatu, kikakwama hapo.

Binti akatoka jikoni, mtoto kiunoni, kikombe cha maziwa mkononi. Siku hizo alizungumza na mama yake kwa maneno ya lazima tu. Alikuwa na haraka, mtoto analia njaa, na mkono wake ukanyoosha kikombe kwa mama ayanuse kama zamani, kabla kichwa hakijakumbuka. Ukakwama hewani. Wote watatu wakautazama.

"Mpe yeye," Bibi Pua alisema.

Mkwe akakipokea kikombe kwa mkono wa kushoto, akakisogeza puani, akavuta pumzi. Uso wake ukajikunja. Yalikuwa yameharibika, ungejua kwa kumtazama tu.

"Yamechacha," alisema. Halafu hakukirudisha. Alikishikilia pale pale chini ya kidevu, akainua macho, akamtazama mama mkwe wake kwa jicho lile lile la Jumanne.

"Au vipi, mama?"